Mbabe wa Barafu kutoka Mbotela

Asubuhi hiyo soko la Gikomba lilikuwa limechangamka kama mzinga uliochokozwa. Maseremala waligongelea vitanda, wasukuma mikokoteni walipaza sauti kuomba njia, na wauza mitumba waliyapasua marobota mapya huku wateja wakiwa wamewazingira kama siafu. Katikati ya patashika hiyo, Mama Nabalayo, muuza viatu vya mitumba, alikata kamba za robota lake, akatumbukiza mkono ndani, kisha akautoa kwa ukelele.

"Uuuwi! Kimenikata!"

Mwanawe wa kiume, Wanyonyi, aliliinamia robota lile, akachomoa kiatu kimoja kikubwa cheusi. Chini yake, mahali pa soli, palikuwa na chuma kirefu chembamba kilichong'aa.

"Mama, hivi ni viatu au ni mapanga?"

"Unaniuliza mimi? Wazungu wametuletea visu vyenye kamba!"

Hamidi, fundi viatu wa kibanda cha pili, alikuja mbio kuona. Hamidi alikuwa jirani yao kule mtaani Mbotela. Kijana mfupi, mwepesi, mwenye ulimi usiojua kupumzika. Alikichukua kiatu, akakigeuzageuza, akacheka hadi akashika mbavu.

"Mama, hivi ni vya kutelezea barafuni. Kuna hoteli kule njia ya uwanja wa ndege ina sakafu nzima ya barafu. Watu wanacheza mpira wa magongo juu yake. Mimi mwenyewe nimeenda mara mbili."

Viatu hivyo vilikuwa vikubwa kupita kiasi, na katika soko zima palikuwa na mtu mmoja tu ambaye vingemwenea. Wanyonyi alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa wakati huo, naye alikuwa pandikizi la mtu. Alibeba robota begani kama mtu mwingine abebavyo mto wa kulalia. Alivivaa viatu, akasimama, akayumba, kisha akaporomoka juu ya lundo la sandali. Soko zima likaangua kicheko. Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata, Hamidi alimpeleka kwenye hoteli ile.

Siku za kwanza Wanyonyi alianguka kama gunia la viazi. Alianguka kifudifudi, kichalichali na kiubavu. Lakini alikuwa na moyo wa chuma, na baada ya miezi minane aliweza kuteleza, kusimama na kugeuka bila kushika ukuta wa mbao unaouzunguka uwanja. Gongo lilimshinda. Kile kisahani cheusi wanachokipiga wachezaji badala ya mpira kilimkimbia kama panya. Hamidi ndiye aliyekijulia. Alikisokota, akakificha, akakifunga langoni kabla kipa hajapepesa macho.

Wote wawili walijiunga na timu ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, na kwa sababu Hamidi alikuwa mdogo na hodari, wapinzani walimwonea. Siku moja jitu moja la timu pinzani lilimsukuma ukutani kwa makusudi. Wanyonyi aliteleza hadi pale, akamshika jamaa yule kwenye kifua cha jezi, akamwinua, akamweka nje ya uwanja kama mtu anayetoa paka mezani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa Hamidi.

Mkufunzi mmoja Mkanada aliyekuwa akipita Nairobi aliliona tukio hilo kwa macho yake. Aliondoka na namba ya simu ya Wanyonyi, na mwaka uliofuata barua ikaja. Klabu ndogo ya kulipwa, katika mji wa wachimba madini kaskazini mwa Kanada, ilimhitaji kijana huyo wa Mbotela.

Huko ndiko Wanyonyi alikoelezwa kazi yake. Katika mchezo huo, kila timu huwa na mfungaji wake wa kutegemewa, na wapinzani hutamani kumvunja. Ndipo timu humwajiri mbabe. Mfungaji akiumizwa, mbabe huingia barafuni, hutupa glavu zake chini, humkabili aliyefanya uovu, nao hupigana ngumi mpaka mmoja aanguke. Waamuzi huwaachia, kisha huwafungia wote wawili katika kizimba cha adhabu kwa dakika tano.

"Usijisumbue na mabao," kocha wake alimwambia. "Kazi yako ni moja. Atakayemgusa mfungaji wetu, ajute."

Wanyonyi aliifanya kazi hiyo kwa miaka saba. Alifunga mabao mawili tu, na moja kati ya hayo liligonga mgongo wake kwa bahati likaingia. Ngumi zake, hata hivyo, zilivuma kote kaskazini. Alikaa kizimbani muda mrefu kiasi kwamba mashabiki walimshonea mto wa kukalia wenye rangi za klabu. Kila alipofungiwa humo, waliimba jina lake kwa matamshi yaliyomvunja mbavu: "Wanayoni! Wanayoni!"

Nyumbani, Mama Nabalayo alijua kwamba mwanawe anacheza mpira. Siku moja jirani mmoja alimwonyesha video katika simu, na jioni hiyohiyo mama akampigia mwanawe.

"Wanyonyi!"

"Naam, Mama."

"Ni nini hiki ninachokiona? Nimekuzaa, nimekulea, umepanda ndege, umevuka bahari, kumbe umeenda kupigana?"

"Mama, ni kazi."

"Kazi gani hiyo? Hapa Gikomba wapiganaji tunao tele, na hakuna anayewalipa! Yule mtoto wa watu uliyemwangusha, mama yake ataniona mimi mtu wa aina gani?"

"Baada ya mchezo tulikula pamoja, Mama. Ni rafiki yangu."

"Mlikula nini?"

"Kuku."

"Haya. Lakini uwe unavaa sweta."

Basi mambo yalimwendea Wanyonyi kama maji ya mteremko, hadi jioni moja ya Februari. Kijana mchanga wa timu pinzani alikuwa amemwumiza mfungaji wao, na Wanyonyi akaingia barafuni kama kawaida. Glavu zikatupwa. Alirusha ngumi yake ya kulia, ile iliyomlisha miaka saba. Yule kijana akainamisha kichwa, na ngumi ikatua juu ya kofia yake ngumu. Mlio uliosikika ulikuwa kama wa kuni kavu. Mifupa mitatu ya mkono ilikatika.

Madaktari walimpasua mara mbili, wakamtia vyuma. Mwishowe daktari aliuweka mkono ule juu ya meza, akamwambia kwa upole, "Utashika kijiko. Utashika gongo. Utasalimia watu. Lakini mkono huu hautakunja ngumi tena."

Klabu ilimfanyia sherehe ndogo, ikamshukuru, ikampa tiketi ya kurudi nyumbani. Mbabe asiye na ngumi alikuwa na faida gani?

Wanyonyi alirudi Mbotela akiwa amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Nyumba zile fupi za zamani zilikuwa vilevile, na majirani walimlaki kwa vifijo. "Champ, niaje! Tuonyeshe ile ngumi!" vijana walimwita kila alipotoka. Yeye aliwasalimia kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa mfukoni. Aliwaambia yuko likizo. Punde akaacha kutoka kabisa, akawa mtu wa kitandani na televisheni.

Hamidi alikuja kumwona. Miaka hiyo saba ilikuwa imemfanya Hamidi kuwa nahodha wa timu ya Eastlands, na bado alishona viatu Gikomba.

"Timu inacheza Jumamosi," Hamidi alisema. "Njoo."

"Nije kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Si ndiyo kazi uliyoifanya miaka saba kizimbani? Tena na mto!"

Wanyonyi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, lakini kicheko kikafa upesi. Aliutoa mkono wake mfukoni, akauonyesha. Ulikuwa umepinda, na vidole viwili havikukutana na kiganja.

"Hamidi, ndugu yangu, mimi sijui kucheza. Unajua hivyo. Mimi nilikuwa ngumi. Ngumi imevunjika. Kilichobaki ni mzigo tu."

Mama Nabalayo, aliyekuwa akichambua sukuma wiki mlangoni, ndiye aliyejibu.

"Mzigo nimekubali," alisema. "Umekaa wiki sita, umenimalizia sukari yote. Jumamosi ondoka nyumbani kwangu, uende ukakae huko kwenye baridi unakokujua!"

Neno la mama halikataliwi. Jumamosi ilipofika, Wanyonyi alikuwa ameketi kwenye benchi la timu, mkono mfukoni. Wapinzani wao walitoka upande wa pili wa jiji, na walikuwa na mchezaji mmoja aitwaye Chege, kijana mwenye mabega ya mlango aliyejifunza mchezo huo alipokuwa akisoma ng'ambo. Chege alicheza kwa ubabe mtupu. Shabaha yake siku hiyo ilikuwa Rufaida, dada mdogo wa Hamidi, binti wa miaka ishirini aliyevaa kofia ya mchezo juu ya hijabu yake na kuteleza kama mbayuwayu. Mara ya kwanza Chege alimgonga ubavuni. Mara ya pili alimbamiza ukutani, Rufaida akaanguka, gongo likamponyoka.

Mashabiki kutoka Mbotela waliruka juu. "Wanyonyi! Mshukie! Wanyonyi!"

Benchi zima likageuka kumtazama. Chege naye akateleza hadi mbele yake, akasimama.

"Wewe ndiye yule mbabe wa Kanada?" aliuliza akitabasamu. "Mbona mkono mfukoni? Unaona baridi?"

Damu ilimchemka Wanyonyi. Alisimama. Mguu mmoja ulikuwa tayari umepanda ukuta wa mbao alipojaribu, kwa mazoea, kukunja ngumi. Maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko kama moto wa petroli, na vidole vikakataa. Akabaki hapo, mguu mmoja juu, mbele ya watu wote. Chege akacheka, akaondoka. Wanyonyi akaushusha mguu. Aibu ilimjaa hadi kwenye masikio, akaanza kuutafuta mlango kwa macho.

Wakati huohuo Rufaida aliingia benchi akitweta, akaketi kando yake.

"Kaka Wanyonyi," alisema, "sitaki umpige. Nataka uniambie anakuja vipi. Kila mara nashtukia ameshanifikia. Mimi simwoni."

Wanyonyi alijibu kabla hajafikiri. "Usimtazame macho, macho yanadanganya. Tazama bega lake la kushoto. Akitaka kukugonga, hulishusha, halafu huacha kuteleza. Anajibwaga tu, hana breki. Ukiliona bega limeshuka, usikimbie. Simama papo hapo."

"Nisimame?"

"Simama. Atapita."

Alipomaliza kusema, yeye mwenyewe alishangaa. Alikuwa ameyajuaje hayo? Ndipo akakumbuka kwamba katika miaka ile saba, ngumi zenyewe zilichukua dakika chache tu. Muda mwingine wote alikuwa amekaa, benchi au kizimbani, akiwachunguza watu wanaotaka kuumiza wengine. Aliwajua kama mvuvi ajuavyo maji. Alijua wanavyohema, wanavyoshika gongo, wanavyogeuza nyonga.

Rufaida alirudi barafuni. Haukupita muda, Chege akamfuata. Bega la kushoto likashuka. Rufaida alichimba viatu vyake barafuni, akasimama wima kama mnara. Chege alipita mbele yake kama lori lililokatika breki, akauvamia ukuta kwa kishindo kilichotikisa vioo. Rufaida alikisukuma kile kisahani kwa kaka yake, na Hamidi akakikwamisha wavuni.

Uwanja ulilipuka. Wanyonyi alijikuta akirukaruka, mikono yote miwili hewani, ule uliopinda ukiwa juu zaidi ya mwenzake.

Walishindwa mchezo huo, mabao matano kwa manne. Lakini Chege alijibamiza ukutani mara nne zaidi, na hakuna mchezaji hata mmoja wa Eastlands aliyetoka akichechemea. Katika chumba cha kubadilishia nguo, Hamidi alimshika Wanyonyi bega.

"Jumatatu tunafanya mazoezi kule mtaa wa Tena, kwenye lami, kwa viatu vya magurudumu. Saa kumi na moja jioni. Usichelewe, Kocha."

"Nani kocha?"

"Huyo aliyekuwa akirukaruka kama mbuzi."

Wanyonyi alijifunga kibwebwe. Aliwafundisha wachezaji kuanguka bila kuumia, jambo alilolijua kuliko mtu yeyote nchini. Aliwafundisha kusimama kati ya mwenzao na hatari bila kumgusa adui, kusoma bega, kusoma nyonga, kusoma pumzi. Haikuwa rahisi. Mara nyingine mchezaji alipokosea, mbabe wa zamani alimjia juu akanguruma hadi majirani wa Tena wakafungua madirisha. Siku moja Rufaida alimjibu, "Kaka, wewe ulianguka juu ya sandali, nimesimuliwa. Tuvumilie." Wote wakacheka, naye akajifunza kushusha sauti.

Miezi mitatu baadaye, Chege alijitokeza mbele ya kibanda cha Mama Nabalayo pale Gikomba, amefungwa bendeji begani.

"Shikamoo, Mama. Namtafuta Kocha Wanyonyi."

Mama alimpima kwa macho tangu utosini hadi kidoleni. "Marahaba. Wewe ndiye unayegonga kuta?"

Chege akainamisha kichwa. "Ndiye mimi. Nimechoka kuzigonga."

Hamidi aliposikia, alikuja juu kama moto wa kifuu. "Huyu alimbamiza dada yangu! Hawezi kukanyaga mazoezini kwetu!"

Wanyonyi alimtazama Chege kwa muda mrefu. Katika mabega yale mapana aliona kijana mwingine, yeye mwenyewe wa miaka ile ya Kanada, ambaye watu waliziona ngumi zake tu, wasione kingine.

"Mwombe Rufaida msamaha kwanza," alisema. "Akikukubali, njoo. Asipokukubali, rudi kwenye kuta zako."

Chege aliomba msamaha mbele ya timu nzima, jasho likimtoka kuliko siku ya mchezo. Rufaida alimwacha aseme hadi mwisho, akamwacha arudie, kisha akamwambia atamkubali kwa sharti moja: abebe mabegi yake mazoezini kwa mwezi mzima. Naye aliyabeba.

Mwaka uliofuata Wanyonyi aliajiriwa kuifundisha timu iliyokwenda kuiwakilisha nchi katika mashindano ya timu nane huko Afrika Kusini. Hamidi alikuwa nahodha, Rufaida na Chege wakacheza bega kwa bega. Chege alimlinda kwa kuziba njia tu, wala hakuinua mkono hata mara moja. Timu ilimaliza ya tatu. Wachezaji walikuwa wakishangilia medali zao mtangazaji aliposema kwamba limebaki kombe moja, la timu yenye nidhamu kuliko zote, timu iliyoadhibiwa mara chache zaidi.

"Kenya!" alitangaza. "Kocha aje alipokee!"

Wanyonyi hakusogea. Alidhani amesikia vibaya. Yeye, aliyeshonewa mto kwa wingi wa adhabu, aitwe kupokea kombe la tabia njema! Hamidi alicheka hadi akaketi juu ya barafu, na ilibidi Rufaida na Chege wamsukume kocha wao kutoka nyuma kama mkokoteni uliokwama.

Habari zilifika hata kule kaskazini mwa Kanada. Klabu yake ya zamani, iliyochoka kuwapeleka wachezaji wake hospitalini, ilimwandikia kumwomba aende kila mwaka kwa miezi miwili kuwafundisha vijana wao namna ya kujilinda. Alikubali, kwa sharti kwamba miezi mingine kumi ni ya Eastlands.

Siku aliporudi kutoka Afrika Kusini, alilibeba kombe lile hadi Gikomba, akaliweka katikati ya viatu. Mama Nabalayo aliligonga kwa ukucha asikie kama ni chuma cha kweli.

"La nini hili?"

"La nidhamu, Mama."

"Nani? Wewe?"

"Mimi."

Mama alicheka, machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya leso. Kisha aliuchukua mkono wa kulia wa mwanawe, ule uliopinda, akaufunika kwa mikono yake yote miwili.

"Uliporudi na mkono huu nililia usiku kucha, ila sikukuambia," alisema. "Nilidhani kazi yako imekwisha. Kumbe sikuijua kazi yako. Uliitwa kulinda watu, na bado unawalinda."

Wateja walikuwa wamejaa, mmoja akiuliza bei ya kombe, na Hamidi kutoka kibanda cha pili akimjibu kwa sauti kuu kwamba haliuzwi. Na wote waliokuwapo sokoni siku ile, waliomjua mbabe huyo tangu alipokuwa mbeba marobota, waliafikiana jambo moja: kwa hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.